Niliipaka vanishi mitungi ya Mamkubwa

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanihurumia njiani halafu ukajuta.

Nina meza ya biashara hapa Kibiti, kando ya barabara. Nauza mitungi ya maji. Mfinyanzi ni Mamkubwa, dada yake mama, aliyenilea mama alipofariki. Anakaa Mtawanya. Magoti yamemchoka, mjini haji. Mimi ndiye namfuata, napokea mzigo, nahesabu, nahesabu tena. Hata yeye namhesabia mara mbili! Ndivyo nilivyo.

Mitungi yake haing'ai. Anaisugua kwa kokoto, anaichoma kwa makumbi ya nazi, basi. Wateja wakawa wananionyesha kwenye simu mitungi ya kigeni inayometa kama sahani. "Dada, huna kama hii?" Na mimi kusema sina sikuzoea.

Nikauliza. Nikaambiwa ule mng'aro ni dawa: mtungi unapakwa, unarudishwa kwenye tanuru kali, dawa inayeyuka inakuwa kama kioo. Tanuru nitoe wapi? Nikaenda kwa fundi seremala, nikabishana naye bei mpaka akachoka, nikaondoka na kopo la vanishi ya milango.

Nikaipaka mitungi yote kwa nje. Iling'aa hiyo! Siku ya gulio haikubaki hata mmoja.

Haikupita wiki, mama ntilie wa stendi akaja na jagi mkononi.

"Shoga, onja."

Nikaonja. Vuguvugu.

"Mtungi gani huu? Maji haya si ya kumkandia mzazi?"

Watu wakacheka. Mimi nikaukumbuka mtungi wangu wa nyumbani, ambao sikuupaka kitu: kila siku umelowa kwa nje. Mtungi hupoza maji kwa kutoka jasho, na mimi nimeuziba vinyweleo! Nilielewa palepale, kabla hawajamaliza kucheka.

Lakini mdomo ukasema: "Mimi muuzaji tu, shoga. Labda udongo wa bibi umebadilika."

Aliyefuata nikamwambia hivyohivyo. Na mwingine. Maneno yakapanda bodaboda, yakafika Mtawanya kabla yangu.

Nilipokwenda kuchukua mzigo, nilimkuta Mamkubwa ameshahangaika kufuata udongo upande wa pili wa bonde, na magoti yale! Mitungi mipya imepangwa uani, yote ina maji. Akanichotea kata.

"Onja, mwanangu. Ulimi wangu wa kizee siuamini tena. Yamepoa?"

Yalikuwa baridi ya kuuma meno. Nikisema yamepoa, ataniuliza kwa nini ya mjini hayapoi.

"Kiasi," nikasema.

Akatazama viganja vyake. "Basi si udongo. Ni mkono. Mkono wangu umekwisha."

Hakulia. Angelia, ningesema. Au nisingesema, sijui. Nisijipambe.

Safari iliyofuata nikakuta shimo lake la kuchomea vyungu amelifanya jaa la takataka. Maganda ya mihogo, majivu, kandambili iliyokatika. Ndipo nikamwaga yote: kopo, brashi, mama ntilie, ile "kiasi" yangu. Alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuchambua.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Mamkubwa."

"Waambie na majirani, hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Ila kufinyanga, sirudi. Nimeshazoea kwamba siwezi." Akapepeta ungo. "Haya, kula kwanza, gari litakuacha."

Nikala. Sikusikia chumvi wala tui. Laiti angenitukana!

Majirani niliwaambia. Mama ntilie nilimwambia mbele ya wateja wake, akanitazama kama mtu anayetazama chenji pungufu. Fedha za watu nikarudisha. Mamkubwa hakurudi kwenye udongo. Na mimi tangu siku ile sisikii uchungu wala raha. Naamka, napanga meza, nauza ndoo za plastiki. Watu wanasema siku hizi nimetulia.

Wewe unayeuza kazi ya mkono wa mwenzio, nisikilize. Ukiiharibu, sema umeiharibu wewe, palepale, mbele ya haohao wanaokucheka. Kicheko cha stendi kinaisha jioni. Lakini mtu mzima ukishamfanya auchukie mkono wake mwenyewe, hata ukweli ukimpelekea nyumbani, utamkuta hauhitaji tena.