Beringi Zilikuwa Zimekufa Kweli

Mama Spana alikuwa na hasira za karibu. Mtaa mzima ulilijua hilo, na aliyejifanya hajui alifundishwa. Mteja mmoja aliwahi kumshika kiuno akiwa ameinama anafungua plagi. Alirudi kwake na jino mfukoni. Mumewe alipokufa alimwachia binti mmoja na sanduku la spana, na wanaume wakaja kwenye banda lake la ufundi kumcheka mwanamke anayeshika injini. Miaka ishirini na mbili baadaye wanaume haohao walikuwa wanapanga foleni na kumwamkia kwa adabu.

Asubuhi hiyo hakuwa na mteja. Alikuwa na kesi.

Juzi yake binti alikuwa amekuja nyumbani, mkono wa kushoto umeninginizwa shingoni kwa kitambaa, mdomo umevimba, jicho moja limefumba kabisa. Akasema wameanguka na pikipiki. Leo mumewe alikuwa amemfuata, naye akasema hivyohivyo: gurudumu la nyuma liliyumba, wakaenda chini. Kaka mkubwa wa Mama Spana, ambaye tangu shemeji yake afariki ndiye mwamuzi wa mambo yote ya nyumba ile, alikaa kwenye benchi la banda, akasikiliza huku na huku, akakohoa.

"Dada, fundi si wewe? Basi pima. Gurudumu likiwa zima, huyu ana la kujibu. Likiwa bovu, ilikuwa ajali, na mtoto anarudi na mumewe leo hii. Hatuwezi kuvunja nyumba ya watu kwa sababu ya ajali."

"Mimi sina neno, Mjomba," mkwe alisema. "Mama ataona mwenyewe. Ukifika sitini tu, nyuma kunaanza kucheza."

Binti alisimama mlangoni akiangalia miguu yake. Mama Spana alimtazama, kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu ashike spana: aliomba chombo kilicholetwa kwake kiwe kizima.

Aliisimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likaachana na ardhi. Akakagua upepo na tairi. Akagonga spoku moja moja. Zote zilikuwa zimekaza. Akashika uma wa nyuma unaobeba gurudumu, akautikisa kwa nguvu zake zote, haukusogea. Moyo ukaanza kumtulia. Kisha akashika tairi, mkono mmoja juu, mwingine chini, akasukuma na kuvuta.

Kok. Kok. Kok.

Alizungusha gurudumu akatega sikio. Ndani kulikuwa na mkwaruzo, kama mtu anayetafuna mchanga. Hakukuwa na la kubishana hapo.

"Beringi zimekufa," akasema.

"Basi yamekwisha," alisema kaka mtu, akapiga goti lake kwa kiganja. "Binti, kachukue mzigo wako."

Angeweza kudanganya. Kati yao nani angejua? Lakini mdomo ulishasema, na mdomo ule haukuwahi kusema chuma kizima ni kibovu wala kibovu ni kizima. Aliulaani. Binti hakulia wala hakubisha, akageuka kwenda ndani kufunga nguo zake kwa mkono mmoja, na utii ule ulimkata mama maini.

"Hapandi mtu hii pikipiki mpaka nibadilishe," Mama Spana alisema. Walau apate nusu saa.

Akafungua nati, akachomoa ekseli, akashusha gurudumu na kulilaza kwenye matofali mawili. Alipitisha chuma kupitia tundu la upande mmoja hadi kikagusa beringi ya upande wa pili, akapiga nyundo. Alipiga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Beringi ya kwanza ikaruka, ikagonga mabati. Ya pili ilitoka vipande vipande, gololi zikatawanyika sakafuni, na kaka mtu akainua miguu. Bushi, kile kibomba cha katikati, ikadondoka nyuma yao, imejaa kutu.

Alipoinuka kufuta jasho ndipo alipoiangalia pikipiki nzima, si gurudumu. Vioo vyote viwili vilikuwa vyake vya kiwandani. Taa za pembeni nzima. Chuma cha kukanyagia kimenyooka, ncha ya usukani haina hata mkwaruzo. Pikipiki ikianguka haifichi. Fundi huisoma kama barua.

"Mlianguka upande gani?"

"Kushoto. Ila kwenye mchanga, Mama. Haikuumia."

"Mchanga huo haukwaruzi chuma ila unavunja mkono?"

"Dada," kaka mtu akaingilia, "ulishapima. Usitafute mengine."

Mama Spana alinyoosha mkono kufungua kiti cha pikipiki, na mkwe akaruka kutoka alipokuwa. "Hapo hamna kitu, Mama."

Asiye na kitu haruki. Akafungua. Chini ya kiti, ndani ya tambara, kulikuwa na cheni ya zamani. Hilo lenyewe halikuwa ajabu, madereva wengi hubeba ya akiba. Lakini cheni ya akiba hupakwa oili, na hii ilikuwa kavu. Kwenye viungo vyake palikuwa na kitu cheusi kilichoganda, na nywele tatu ndefu.

Binti alikuwa amerudi mlangoni na mzigo wake. Mama Spana alimfuata, akapandisha mkono wa blauzi taratibu mpaka begani. Alama zilikuwa hapo, za zambarau, madoa mawili mawili yaliyopangana mstari. Akalaza cheni juu yake. Kila doa likaingia kwenye pini yake, kiungo kwa kiungo, kutoka bega hadi kiwiko.

Kaka mtu alisimama. Benchi likaanguka nyuma yake.

"Alinitukana," mkwe akasema. "Mjomba, muulize mwenyewe. Alinitukana mbele ya watu."

Cheni iliruka hata kabla ya akili ya Mama Spana. Ilimkamata mkwe kutoka shingoni hadi mgongoni, shati likachanika, akapiga magoti kwenye gololi. Dawa ya moto ni moto. Mkono ulipenda. Ulipenda sana, ukainuka tena, na kule kupenda ndiko kulikomtisha. Aliishusha cheni. Mkwe akatumia nafasi hiyo kumrukia na kumkaba koo, wakaanguka wote kwenye makopo ya grisi.

Kaka mtu hakuwa mpiganaji, alikuwa mnene. Alimvuta mkwe kwa nywele, akamlaza kifudifudi na kumkalia mgongoni, kilo mia na ushee, akamfunga mikono kwa mpira wa ndani wa tairi.

"Nisamehe, dada," alisema, anahema.

"Kaa hapohapo. Usinyanyuke."

Bandani hapakuwa na pikipiki nyingine inayowaka ya kuwafikisha polisi. Mama Spana alichukua beringi mpya, damu ya mkwe ikiwa kwenye vidole vyake. Alifuta. Beringi mpya haitaki hasira. Ukiigonga katikati unaiua siku ileile, na atakayepanda juu yake ni mwanao. Akaweka soketi pana juu ya duara la nje, akagonga kidogo, akazungusha, akagonga kidogo. Akarudisha bushi, kisha beringi ya pili, kisha gurudumu. Huku chini mkwe alikuwa anatukana, na kila tusi alilimeza akagonga kidogo.

Kisha akampakia binti, cheni ikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, wakaenda kituo cha polisi. Njia nzima pikipiki ilikaa kimya chini yao.

Kwenye kaunta palikuwa na askari wa kike, kalamu mkononi. "Ilikuwaje? Ulianguka?"

Mama Spana alifungua mdomo, akaufunga. Hili halikuwa lake kulisema.

"Sikuanguka," alisema binti.

Askari akaandika. Binti alisubiri amalize, kisha akamgeukia mama yake.

"Hata bafuni, Mama. Mwaka ule. Sikuanguka."

Mwaka ule Mama Spana alikuwa amempeleka hospitali yeye mwenyewe, na njiani akamgombeza kwa kuoga na ndala zilizolika.