Mota ya Laini ya Nne: Syokau Atafuta Ufundi Bila Cheti

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, cherehani zote za laini ya nne zimenyamaza. Syokau Ndambuki amepiga magoti mbele ya mota inayoziendesha, iliyofunguliwa, bisibisi mkononi. Meneja wa kiwanda hiki cha nguo cha Athi River anatazama saa.

"Dakika ishirini. Ukishindwa, rudi kushona."

Mota hiyo, ikiwashwa, inanguruma tu. Haizunguki.

Ni Agosti 2008. Syokau, mwenye umri wa miaka 31, ameshona mifuko ya suruali kwa miaka saba. Mwaka jana alisikia kanisani kwamba chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kimeweka masomo ya umeme mtandaoni, bure, kwa yeyote duniani. Tangu hapo, kila Jumapili baada ya ibada, amekuwa akiingia katika duka la intaneti la Ndinda, kule Mlolongo.

Masomo yalikuwa ya bure. Mtandao haukuwa wa bure. Dakika moja ilikuwa shilingi moja, na picha zilifunguka nusu kisha zikagoma. Video hakuwahi kuona hata moja.

"Wengine walikuwa wanatukana kompyuta," anasema Ndinda. "Yeye alikuwa anangoja tu, akinakili maneno."

Nafasi ya msaidizi wa fundi ilipotangazwa kiwandani, naye akaiomba, meneja alimuuliza, "Karatasi yako iko wapi?"

Hakuwa nayo. Masomo yale hayatoi cheti. Akaomba ajaribiwe.

Sasa anatazama kopo dogo lililofungwa ubavuni mwa mota. Hiyo ndiyo kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme na kuipa mota nguvu ya kuanza kuzunguka. Amesoma habari zake hadi akazikariri, lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuiona kwa macho.

Urbanus, fundi mkuu, anachoka kungoja. Ananyoosha mkono ashike nyaya za kopo hilo.

"Usiguse!" Syokau anamdaka mkono. "Bado iko na moto!"

"Moto gani, na plagi umechomoa?"

Syokau anachukua balbu yenye nyaya mbili. Anagusisha nyaya za balbu kwenye kopo lile. Balbu inawaka mara moja kwa umeme uliobaki ndani, kisha inazima. Urbanus anarudi nyuma hatua mbili.

Syokau anaitoa kapasita ya zamani na kufunga mpya. Zimebaki dakika tatu. Anachomeka plagi. Mota inanguruma, inasita, kisha inazunguka.

Laini nzima inapiga vigelegele. Meneja hacheki. Anampa miezi mitatu ya majaribio: alete cheti cha serikali cha ufundi, la sivyo arudi kwenye mifuko.

"Kujua najua, lakini roho haijatulia," anasema Syokau. "Huo mtihani wa cheti ni wa mikono, na mimi nimesoma kwa macho tu."

Urbanus amejitolea kumfungulia mota mbovu kila saa ya chakula, afanye mazoezi. "Huyu mama angeweza kuniacha niungue," anasema. "Hakuniacha."

Mtihani ni Novemba, mjini Machakos. Fomu ameshaijaza.

"Wanauliza nilisomea chuo gani. Hapo nimeacha wazi," anasema. "Lakini mahali pa kuandika kazi unayotaka, nimeandika FUNDI WA UMEME. Kwa herufi kubwa, wasome vizuri."