Herufi Moja katika Jina la Mwalimu Nyamizi

Niliingia ofisi ya wakili mjini Tabora asubuhi ya Jumatatu, binti wa miaka ishirini na mmoja mwenye cheti cha uhazili na viatu vya kuazima. Wakili Mkuu, mzee mrefu wa maneno machache, aliitikia shikamoo yangu bila kuinua macho, akanipa hati ya zamani niinakili kwa taipureta. Nilipomaliza aliisoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja. Aliniambia karani husoma hivyo, kwa kuwa ukisoma kawaida macho huona kile unachokitarajia.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: mikataba, wosia, viapo na hati za kubadili jina. Nyinyi vijana mnaoolewa sasa mnadhani ukishatoka kanisani au msikitini jina la mume limeshakuwa lako. Sivyo. Sheria haimlazimishi mke kubadili jina. Akitaka mwenyewe, anatia sahihi hati mbele ya wakili akitamka kwamba ameliacha jina la zamani, hati inagongwa muhuri na kupelekwa kwa msajili, kisha tangazo linatoka gazetini. Ndipo aanze kuzungukia kitambulisho, benki na faili la mwajiri. Mzee alikuwa na kawaida ya kumtoa mume nje na kumuuliza mke kama kweli anataka. Wapo waliosema hapana, wakaondoka na majina yao.

Mzee alipostaafu, ofisi ilichukuliwa na wakili kijana, naye akahamia nami tawi la Nzega. Huko kulikuwa na kompyuta, na haraka.

Mwalimu Nyamizi Kasanda, aliyekuwa akifundisha Puge, alikuja na mumewe, bwana mifugo, wiki chache baada ya kufunga ndoa ya Kikatoliki. Mume ndiye aliyezungumza. Ukoo wake ni Mabula, ila kwa ndimi zetu za huku L na R hazikai mahali pamoja, nami nilisikia Mabura. Kwenye kichwa cha hati niliandika Mabula, nikinakili cheti chao cha ndoa. Kwenye aya inayotamka jina jipya niliandika nilichosikia. Wakili alitia sahihi akiwa amesimama. Mimi sikuisoma tena. Ile desturi ya mzee nilikuwa nimeiacha, wala sikumbuki niliiacha lini.

Kosa lilionekana kitambulisho kilipotoka: Nyamizi Kasanda Mabura. Alirudi, akaniamkia kwa adabu, akauliza tufanyeje. Wakili alisema kuandaa hati nyingine ni kukiri kosa. Mama aape tu kwamba Mabula na Mabura ni mtu mmoja, inatosha. Nilikiandaa kiapo hicho. Mwalimu alishukuru sana.

Miaka minne baadaye mumewe alikufa kwa ajali ya pikipiki. Hawakuwa wamejaliwa mtoto. Shemeji yake alifungua shauri la mirathi mahakama ya mwanzo, akasema nyumba ya marehemu pale Nzega ni ya ukoo, na huyo anayeitwa Mabura wao hawamjui. Mwalimu alikuwa na cheti cha ndoa chenye jina la baba yake, kitambulisho chenye jina lisilo la mtu, na hati iliyojipinga yenyewe. Hakimu akasema kiapo chake mwenyewe hakitoshi, akaagiza aliyeiandaa hati aje aeleze.

Mwalimu alinifuata ofisini kuniomba. Nilimwahidi nitakwenda. Alipotoka, wakili alifunga mlango.

"Mama Doto," alisema, "ukisimama pale ukasema tulikosea, nani ataleta tena karatasi zake hapa?"

"Yule mama atatolewa nyumbani kwake."

"Ana kiapo. Na wewe umebakiza mwaka mmoja ustaafu."

Sikwenda. Shauri liliahirishwa mara mbili kwa kunisubiri mimi. Mara ya tatu hakimu akamteua shemeji kuwa msimamizi wa mirathi, na kabla ya mvua kuanza Mwalimu alikuwa amehama na sanduku moja na godoro. Alirudi kwao Puge. Kaka zake walimpa chumba cha uani, wakamwambia yeye alishalikana jina la baba yao mbele ya sheria.

Mimi nilistaafu salama. Niliagwa kwa keki na kitenge, wakili akanisifu kwa umakini, watu wakapiga makofi, nami nikainuka kushukuru.

Mwezi uliopita nilipanda basi hadi Puge. Nilikuwa nimeandaa hati ya marekebisho kwa mkono wangu, Mabura iwe Mabula, imebaki sahihi tu. Nilimkuta Mwalimu akipepeta mpunga. Amekonda, nywele zimeota mvi kabla ya wakati. Alinipa kigoda. Nilimweleza yote: kosa lilikuwa langu, nililijua, na siku zote tatu za mahakama nilikaa nyumbani nikijifanya mgonjwa. Alisikiliza, ungo ukiwa mapajani. Kisha alichukua hati, akaisoma taratibu hadi mwisho, akaikunja na kunirudishia.

"Imeandikwa vizuri, mama," alisema. "Lakini akina Mabula walinifukuza, na akina Kasanda wananihesabu mgeni. Nikitia sahihi hapa, nitakuwa nani?"

Mimi, niliyekaa na majina ya watu maisha yangu yote, niliitia hati mkobani. Aliinua ungo, akaendelea kupepeta.