Kibao cha Jua na Mkwe Juu ya Pamba

Kuna aibu mtu unaifunika ikafunikika, na kuna hii yangu iliyoandikwa kwenye fomu ya polisi, nakala tatu (nilizihesabu mara mbili, zilikuwa tatu kweli), kwa hiyo bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kuwasikia watu wa Kiabakari, maana wao huongezaga chumvi.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, pamba inanunuliwa na yeyote mwenye mzani, na maofisi ya serikali yanapunguza watu kama anayechambua mchele. Mimi nilikuwa na pikapu kuukuu, napeleka samaki Bunda. Asubuhi hiyo nimetoka Musoma na masanduku kumi na mawili ya sato, barafu inayeyuka, nina haraka, na pale njia panda ya Butiama likaingia mbele yangu lori wazi la pamba, limejaa mpaka juu, na juu ya pamba amekaa mwanamke aliyegeukia nyuma ili upepo usimpige usoni. Nilipomwangalia vizuri nikamjua. Mama mkwe.

Kwa wasiotujua, kwetu mkwe hatazamwi. Mkikutana kwenye njia nyembamba wewe unaingia porini, hata kama porini kuna nyoka. Na huyu alikuwa amewekwa pale juu, uso wake na uso wangu, kilomita baada ya kilomita! Yeye akajifunika kanga kichwa kizima, akamaliza upande wake. Mimi ningeweza kupunguza mwendo lori litangulie, lakini barafu. Ningeweza kulipita, lakini ningepita chini ya miguu yake. Nikapiga hesabu mara mbili nikaona njia ya kijanja: nikateremsha kile kibao cha kukinga jua mpaka mwisho (jua lenyewe lilikuwa upande mwingine kabisa), nikabaki naona lami na bampa ya lori tu, na ili niendelee kuiona hiyo bampa ilibidi nilisogelee lori. Heshima imetimia, nikajipongeza.

Kufika Kiabakari ng'ombe wakavuka barabara. Mimi ng'ombe sikuwaona, nitawaonaje? Niliona bampa inakua. Nikakanyaga breki, pu! Kabla sijapumua, nyuma yangu, puuu! Landrova ya idara moja ya serikali ikaingia kwenye mkia wa pikapu, na pikapu ikalisukuma lori tena.

Nikaruka nje nikitaka kujua kama mkwe ni mzima, halafu nikasimama, maana sikuweza hata kuinua uso. Nikawa naiuliza lami, "Mama, mzima?" Nikarudia, "Mama?" Dereva wa lori, jamaa mmoja anaitwa Juma, akapanda juu, na ule muda aliokuwa huko juu nilizeeka. Kisha nikasikia, "Yupo! Pamba imemmeza mpaka shingoni, ila yupo!" Akateremshwa akiwa mweupe kichwa kizima, akaenda kukaa upande wa pili wa lori.

Trafiki alikuja kwa pikipiki kutoka Bunda, mrefu, hana haraka. Magari tulikuwa tumeyaacha vilevile, watu wameshajaa. Akazunguka mara moja, akatuweka mstari.

"Sikilizeni. Kama pikapu ilikuwa imeshasimama ikasukumwa na Landrova, makosa yote, la kugongwa lori na la kugongwa pikapu, ni ya huyu wa nyuma. Kama pikapu iligonga lori yenyewe kwanza, kosa la kugonga lori ni la pikapu. Nani anasema?"

Mimi mdomo wangu umezoea soko, huwa hausubiri kichwa. "Afande, nilishasimama kabisa. Nimesukumwa."

Watu wakaitikia, kwa sababu pua ya Landrova ilikuwa bado ndani ya mkia wangu, ushahidi gani tena? Dereva wake, Mzee Magesa, akavua kofia.

"Mwanangu, ofisini wanatafuta majina ya kupunguza. Karatasi hii ikifika na kosa langu peke yangu, mwezi ujao mimi si dereva tena. Niambie tu, una uhakika ulisimama?"

Nikamtazama. "Mzee, mimi kila kitu nahesabu mara mbili."

Trafiki akamgeukia Juma. Juma akasema yeye alikuwa anaangalia ng'ombe, alisikia kelele tu, ngapi hajui. "Na yule mama aliyekuwa juu?"

Mkwe akajibu kutoka upande wa pili wa lori, hatumwoni. "Mimi siwezi kumsema mkwe wangu mbele za watu."

"Basi," trafiki akasema, akafungua kalamu. Niliiona inagusa karatasi. Mzee Magesa alikuwa anaikunja kofia yake, anaikunjua, anaikunja.

"Ila Juma," sauti ikaja tena, polepole, "mimi pamba ilinimeza mara mbili. Mara ya kwanza mpaka kifuani. Ya pili mpaka shingoni. Nenda ukamwulize mkwe wangu, ile ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Juma hakuwa na haja ya kuja kuniuliza. Watu wote walikuwa wameshageuka.

"Yangu," nikasema.

"Sema kwa sauti!" trafiki akasema.

"Ya kwanza yangu, afande."

"Lori zima la pamba hukuliona likifunga breki?" Akafungua mlango wa pikapu, akakiona kibao, akatazama jua, akarudi kwenye kibao. "Jua liko huku. Hiki kinakinga nini?"

Nikamweleza. Jamani, Kiabakari walicheka! Mwanamke mmoja alikaa chini kabisa, analia machozi. "Kwa hiyo mkwe kajificha kwenye kanga, wewe kwenye kibao," akapaza sauti, "na barabara mmemwachia nani?"

Nikajaribu kupatana, ndiyo kazi yangu. "Afande, tugawane. Mimi nusu, ng'ombe nusu."

"Ng'ombe ana leseni?"

"Basi theluthi mbili."

"Hapa si sokoni. La lori ni lako lote. Mzee naye hakuacha nafasi, ana lake, lakini nitaandika kwamba gari la mbele yake lilisimama kwa kugonga." Na akaandika, kwa sauti: dereva wa pikapu hakuona mbele kwa kumwonea haya mkwe wake. Nikamwomba aandike jua. Akakataa. Nikatia sahihi.

Mzee Magesa alivaa kofia yake, akanisogelea, hakunitukana. Alisema tu, "Ungenimaliza, mwanangu." Kazini alibaki, nilikuja kusikia.

Leseni yangu ilikaa polisi muda mrefu, na mkwe alinisamehe kwa kupitia mke wangu. Tangu siku hiyo nikiona mkwe yuko mbele barabarani, wangu au wa mtu mwingine, nasimama pembeni nazima injini, samaki na waoze. Hiyo ndiyo nadhiri ninayowaambia watu wakacheka. Aibu nyingine siisemagi sana: siku ile niliona aibu kumtazama mkwe wangu, lakini yule mzee nilimtazama machoni, nikamdanganya, na wala sikuhitaji kibao.