Mama aliyedai giza lake

Nilikuwa kaunta ya ofisi ya umeme hapa Kigoma, nimekuja kulalamikia mgao kama kila mtu. Mbele yangu alisimama mama wa Ujiji, mtandio begani. Injinia mwenyewe akatoka kumsikiliza.

"Shikamoo mama. Umekatiwa tena?"

"Marahaba mwanangu. Zamu yetu ya kukatwa ni saa mbili usiku. Jana umekata saa nne."

Injinia akatabasamu. "Si niliwaongezea, mama? Mashine zilikubali."

"Nina wageni waliokimbia vita Burundi, mama na mwanawe. Kwao taa zikizimika ghafla, watu hujificha. Nimemfundisha yule mtoto kwamba giza la huku lina saa yake, likifika tunawasha koroboi tunakula. Jana likachelewa, likamkuta hajajiandaa. Ameingia uvunguni mwa kitanda, hakutoka mpaka asubuhi."

Injinia akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Leo nitakata mwenyewe, mama. Saa mbili kamili."

Nilipoitwa mimi, nilisema nimepita kusalimia tu. Naishi mtaa mmoja na yule mama. Saa mbili giza likaingia, nikawasha koroboi, nikala bila kumlaani mtu.