Siku Tuliyompigia Binti Sinia

Kwetu Pemba, siku ya mchezo wa ng'ombe mama yangu hapiki. Tunakula muhogo wa jana, baridi, na tunashukuru, kwa sababu mama alikuwa muimbaji na sauti yake ilitakiwa uwanjani mapema. Wanaume wanamchokoza fahali kwa kitambaa, akiwajia wanaparamia mti, na kina mama pembeni wanaimba. Wanamwimbia fahali, wanamwimbia mchezaji, na zaidi wanamwimbia aliyekimbia. Jirani yetu mmoja, fundi wa kuezeka, alikimbia mpaka kofia ikabaki nyuma, mama akamtungia pale pale: "Kofia ina moyo, mwenyewe hana." Akaitwa Kofia mpaka uzeeni, na akiitika kwa furaha. Maana kwetu kuimbwa ni heshima, hata kama ni kwa kejeli. Mchezaji akiingia na kina mama wakanyamaza, basi huyo wamekwisha mzika. Nimeona mtu mzima akilia kwa kunyamaziwa.

Utaniuliza ng'ombe wa Pemba na mpira wa Mchina wapi na wapi. Nitafika. Skuli nilikaa kidogo, na hadithi ya mtu wa skuli kidogo hupita njia ya mbuzi, lakini mbuzi naye hufika nyumbani.

Miaka ile watu wetu walichukuliwa Saudia makundi kwa makundi, kina dada kwa kazi za ndani, wanaume kwa udereva. Mimi nilikuwa nimeshahamia Mombasa na mvi zimenijaa, nikazipaka piko kwa ajili ya picha ya wakala. Nilipofika Jidda piko ilikuwa imekwisha toka. Kafili, tajiri aliyenidhamini, akaitazama picha, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanipa ufunguo wa gari hivyo hivyo. Ikama yangu ile, kitambulisho cha ukaazi, ninayo mpaka leo, ina picha ya kijana mzuri sana simjui.

Kafili akanipeleka kwa familia ya Kichina mtaa wa Al-Safa. Baba mhandisi wa madaraja, mama mtu wa kimya, na binti yao mmoja, mwembamba, mrefu kumpita baba yake. Jikoni kulikuwa na mpishi, Mkamba wa Machakos, mama wa watoto wanne, mdomo wake haukupata likizo hata siku moja. Mimi aliniita mzee, nami nikimwita dada. Binti aliniita ammu, kama wanavyowaita ami zao Waarabu. Na mpishi waliongea Kiingereza. Na mimi ilikuwa Kiarabu cha njiani, yalla, halas, mafi mushkila, twende, basi, hakuna tabu, na tulielewana kuliko ndugu wengine ninaowajua.

Binti alikuwa mchezaji wa tenisi. Kwao walimtia katika shule ya michezo akiwa mdogo, akaanza na mpira wa vinyoya, kisha mwalimu akamtazama mabega akamhamishia tenisi, hakuulizwa. Akashinda watoto wenzake, akashinda na wakubwa, halafu akachoka, akaweka raketi chini. Ndipo baba akamleta Jidda, akamwandikisha chuo kikuu huko kwao aende akasome uhandisi msimu ukifika. Lakini raketi haikukaa chini. Ndani ya makazi ya wageni palikuwa na uwanja, na kila alasiri jua likilegea nilimpeleka. Sasa alitaka kwenda kucheza kama kazi, ya mtu mzima. Baba hakutaka.

Hakutaka, lakini hakukosa siku. Alisimama nyuma ya ukuta wa waya, mikono nyuma, na mfuko wa kulia wa suruali umejaa kokoto. Binti akikosea, kokoto moja inatoka mfuko wa kulia inaingia wa kushoto. Mazoezi yakiisha binti anamwendea, baba anatoa kokoto za kushoto, anamfungulia kiganja. Mpishi alisema yule mtu angefaa bao, ila angemfukuza kila mchezaji barazani.

Basi wakakubaliana hivi. Riyadh alikuwako mwalimu mmoja wa shule, mama wa Kizungu, mnene kidogo, aliyewahi kucheza kwa kulipwa miaka ya nyuma na bado hajapata wa kumshinda. Binti akimshinda, aende mwaka mmoja akajaribu. Akishindwa, chuo, na tenisi isitajwe tena mezani. Baba alisema, binti akaitikia, kisha akamfasiria mpishi aliyekuwa akitoa sahani, na mpishi akaja kunieleza garini huku mkono uko kifuani.

Njia ya Jidda kwenda Riyadh ni ndefu, mchanga tu na ngamia. Mpishi alichukuliwa kwa sababu binti hakuwa tayari kula cha mtu mwingine siku hiyo. Tulipofika mapema akaniomba nimpitishe soko la Al-Dirah. Akatafuta sinia la kupeleka kwao Machakos, akagonga moja baada ya jingine kwa kidole kama mtu anayenunua tikiti maji, mpaka mwenye duka, Myemeni, akamwuliza anataka sinia au kengele. Akachagua lenye sauti, akanunua, tukaenda nalo uwanjani.

Ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo kina dada wa kazi za ndani mitaa ile wengi walikuwa wamepewa nafasi, Wakenya, Waganda, wakajaa kwenye ngazi upande mmoja. Upande wa pili Wazungu na Wachina. Na wote kimya. Mpira ukienda, shingo zinakwenda, ukirudi, zinarudi, lakini sauti hakuna. Binti anacheza kama mtu aliyemeza ufunguo, na kule kwenye waya kokoto zinahama mfuko. Fungu la kwanza, seti wanaita wenyewe, likaenda kwa yule mama.

Mpishi akaniinamia. "Mzee, kwani hapa kuna matanga?"

Nikamwambia, dada, kwetu hivi ndivyo wanavyomzika mchezaji. Binti wetu ananyamaziwa. Hatuna aibu?

Wallahi sikujua kwamba tenisi ina sheria ya kunyamaza. Jidda hapakuwa na watazamaji, sisi tu na kokoto. Binti akarusha mpira juu ili aupige, na mpishi akalipiga sinia, akatoa kigelegele ambacho nadhani Al-Dirah walikisikia. Kina dada wote wakapokea. Mpira wa binti ukapita juu ya waya ukaenda kwenye magari.

Mwamuzi akasimama. Wazungu wakageuka. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mwamuzi akaanza kutufukuza, na hapo nikasikia kicheko. Alikuwa binti. Kainama, raketi imemwangukia miguuni, anacheka mpaka hana pumzi. Mwaka mzima nilimwendesha na sikuwahi kumwona meno. Akamwendea yule mama kwenye wavu wakasemezana, na yule mama, Mungu amjaalie, akatugeukia akasema maneno, mpishi akanifasiria: "Anasema tubaki. Lakini na yeye anataka wake."

Kina dada wakagawana hapo hapo, Waganda kwa Mzungu, Wakenya kwetu. Ikawa Pemba. Binti akipata, sinia. Yule mama akipata, vigelegele vya upande wa pili, na dada mmoja wa Kiganda akaimba kwamba Mchina wetu hajala, mikono haina nguvu. Mpishi akasimama.

"Hajala? Amekula chapati zangu tatu! Wako ndiye mzito, mwambie akimbie!"

Yule mama wa Kizungu akauliza wanasema nini, akaambiwa, akacheka akakimbia kweli. Na binti alicheza. Sijui kueleza tenisi, najua kueleza mtu aliyeimbwa. Alishinda fungu la pili, na la mwisho likavutana mpaka sinia likapinda, akashinda.

Nitangulie mbele kidogo. Alikwenda. Mwanzo alipigwa katika miji midogo ya kwao ambayo mpishi hakuweza kuitamka, anapoteza siku ya kwanza anapanda treni kwenda mji wa pili, na mpishi akifuatilia kwenye simu huku mchuzi unaungua. Siku aliposhinda mashindano yake ya kwanza, madogo tu, alituma sauti. Tukadhani atazungumza. Ilikuwa kigelegele, kibaya, chenye mapengo. Mpishi alikisikiliza mpaka betri ikaisha. Sinia halikwenda Machakos, lilibaki ukutani jikoni, limepinda vile vile.

Lakini sikumaliza habari ya baba. Mchezo ulipokwisha binti alimwendea kwenye waya kama siku zote, jasho linamtiririka, akasimama asubiri kiganja. Baba akatia mkono mfuko wa kushoto, zikatoka kokoto chache. Binti akamwuliza jambo kwa lugha yao, baba akajibu kwa ufupi. Garini binti alimwambia mpishi, naye akaniambia mimi. Aliuliza nyingine ziko wapi, na baba akasema, "Mlipoanza kelele niliacha kuhesabu."

Pale pale baba akazimwaga kokoto za mifuko yote miwili juu ya benchi, akajikung'uta mikono, akaondoka kuelekea kwenye magari. Hata tuliporudi Jidda, nyuma ya waya hakusimama tena.