Gari la Ombui na Ng'ambo ya Ziwa

Viti vya lile gari nilivishika kabla mtu yeyote wa Migori hajavikalia, maana mimi ndiye niliyevishonea vitambaa. Ulikuwa mwaka wa 1964. Ombui, jirani yangu sokoni, muuza mbegu na majembe, alikuwa amelinunua kwa mzungu mmoja aliyechimba dhahabu upande wa Osiri na sasa alikuwa akifunga virago kurudi kwao. Mzungu huyo alikuwa na mbwa wawili, na manyoya yao yalikuwa yamejaa vitini. Ombui akaniletea kitambaa cha maua mekundu na kuniambia nishone kana kwamba namshonea bibi harusi. Nami nikashona hivyo.

Lilikuwa gari refu la kijani, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, lenye nafasi ya watu tisa. Mvua ikinyesha, malori yalikwama kwenye udongo mweusi na Ombui akayapita akipiga honi, jambo ambalo kwa shemasi wa kanisa letu la Sabato halikuwa la unyenyekevu hata kidogo. Kila Ijumaa mchana aliliosha mwenyewe. Masese, dereva wa lori la samaki, aliwahi kuomba aliendeshe mpaka mtoni tu na kurudi. Ombui alimtazama kama mtu aliyeomba kuazimwa mke.

"Gari si jembe la kuazimana," akamwambia.

Maneno yale tuliyapenda. Tuliyarudia sokoni mwaka mzima, wajinga sisi.

Mkewe, Nyaboke, alikuwa na mama yake, Nyamoita, aliyeishi mlimani karibu na Rongo. Asubuhi zisizo na ukungu, kutoka uani kwake mama huyo aliona mstari mweupe mbali sana, akaambiwa kuwa ndilo ziwa. Marehemu mumewe alikuwa akibeba maharage kwenda Homa Bay na kurudi na samaki, na kila aliporudi alimwambia kuwa maji yale hayana ng'ambo. Yeye hakumwamini. Walibishana juu ya ng'ambo ile mpaka mzee akafa, na tangu hapo mama alitaka kitu kimoja tu: afike Homa Bay ajionee kama mumewe alikuwa mwongo. Basi la abiria hakuweza kulipanda, kwa kuwa nyonga yake iliwahi kuvunjika. Na macho yalikuwa yameanza kumfifia.

Kwa hiyo gari liliponunuliwa, Nyaboke alifurahi kuliko sisi sote. Ombui alimwahidi kuwa safari ya kwanza ndefu itakuwa ya mama. Tena aliahidi kwa moyo mweupe.

Alisahau jambo ambalo hata mtoto wa Kisii analijua. Mama mkwe na mkwewe hawakai karibu, hawali pamoja, hawashikani mikono. Ndiyo heshima yetu, na wokovu haukuiondoa. Gari lilipofika mlimani, Nyamoita alilizunguka mara mbili, akalisifu, kisha akakataa kuingia. Alimwambia binti yake kuwa kitu chenye paa na mlango ni nyumba, na yeye hawezi kufungiwa nyumba moja na mkwe wake, akikitazama kisogo chake mpaka Homa Bay. Ombui, aliyekuwa amesimama kando ya migomba, hakuona kosa katika maneno yale. Aligeuza gari, akarudi Migori likiwa na viti vitupu.

Masese akajitolea kumwendesha mama. Ombui akakataa, mnakumbuka lile jembe. Ndipo Nyaboke alipokuja kibandani kwangu, mumewe akiwa ameketi hapo pamoja na wanaume wengine, akasimama mbele yake.

"Baba Rael, nifundishe mimi kuendesha. Nitampeleka Mama mwenyewe."

Wanaume wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikamuuliza kama gia atazikoroga kwa mwiko. Ombui alikuwa amefungua mdomo, na naamini mpaka leo kuwa alitaka kukubali. Alipousikia utani wangu akaufunga, kisha akasema, "Tutaona." Naona aibu kuandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Tutaona ile ilikaa miaka mitatu. Kila Nyaboke alipouliza, kulikuwa na mvua, au mavuno, au tairi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lililoumia halikuwa la Ombui. Mwaka wa 1967 habari zikaja kutoka Rongo kwamba Nyamoita alikuwa amemimina chai nje ya kikombe na kuendelea kumimina mpaka birika likaisha. Nyaboke hakulia, wala hakugomba. Alizieleza tu mezani, akaenda kuteka maji.

Kesho yake Ombui alimpa ufunguo. Alimfundisha katika uwanja wa mpira, sisi tukitazama, na safari hii hakuna aliyecheka. Siku ya kumi na moja Nyaboke alikuwa akirudi kinyumenyume kati ya miti miwili bila kuigusa, na baada ya wiki akapata leseni. Siku kumi na moja tu! Tulimnyima kwa miaka mitatu kitu cha siku kumi na moja.

Walikwenda Homa Bay Jumapili moja, mama na binti. Ombui nami tulitangulia kwa basi, kwa kuwa yeye hakuweza kupanda gari lake mwenyewe. Nyamoita alipoteremka alipapasa kitambaa cha kiti, akasema aliyekishona alikuwa na subira. Nilikuwa nimesimama karibu. Sikumsalimu.

Nyaboke alimshika mkono, akamwongoza mpaka maji yakamfika magotini. Ombui alibaki mbali, penye mizani ya samaki, kama heshima inavyotaka, lakini upepo ulitoka ziwani na kila neno lilitufikia.

"Niambie, mwanangu. Lina ng'ambo?"

Hewa ilikuwa safi asubuhi ile. Milima ya upande wa pili ilionekana wazi, ya buluu, na chini yake moshi wa moto wa mtu fulani. Nyaboke aliitazama kwa muda.

"Halina, Mama. Ni maji tu."

Nyamoita akainama, akachota maji kwa viganja, akanawa uso.

"Kumbe alisema kweli," alisema. "Nami nilimwita mwongo mpaka anakufa."

Ombui aliniuliza, kwa sauti ya chini, tungepungukiwa na nini kama Nyaboke angefundishwa ule mwaka wa kwanza. Nilimwambia twende tukatafute basi.